Fomu ya msaada wa kodi ya nyumba inataka "asilimia ya mapato inayomezwa na nyumba". Mnaihesabu vipi?

#1 Mpangaji_Umoja
Wadau, habari za jioni. Naomba anayejua anisaidie kabla ya Ijumaa.

Kuna mfuko mmoja unaosaidia familia zilizorudi nyuma kwa kodi, na nimechukua fomu yao. Kurasa tatu za kwanza hazina shida: jina, kitambulisho, mtaa, watoto wangapi. Ukurasa wa nne ndio umenifunga. Swali la 17: "Mzigo wa gharama ya nyumba ni asilimia ngapi ya mapato ya kaya?" Halafu kisanduku kimoja kidogo, na chini yake wameandika: "Maombi yaliyo chini ya asilimia 30 hayatashughulikiwa." Basi. Hawasemi gharama ipi, hawasemi mapato yapi.

Hali yangu ni hii. Mshahara wangu ni shilingi 45,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nyumba ni ya chumba kimoja cha kulala, Umoja, Nairobi, kodi 12,000. Mzee wangu, yaani mume, alipunguzwa kazini mwezi wa tatu, sasa anapaka rangi akiitwa: Julai alipata 9,000, Agosti hakuna, Septemba 3,500. Watoto wawili. Kodi ya miezi miwili iko nyuma na landilodi ameshatuma ujumbe wa pili. Jana usiku nilipiga hesabu nikaandika 26.7, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Karatasi hapo kwenye kisanduku sasa imekuwa nyembamba hadi naona meza.

#2 Kijana_wa_Zimma
Dada, gawanya kodi kwa mshahara, zidisha mara mia. 12,000 kwa 45,000 ni 26.7. Uko chini ya 30. Pole sana, tafuta mfuko mwingine.

#3 Fundi_Stima
Namba 2 umefunga kesi haraka mno. Kwani nyumba ni kodi peke yake? Ukilipa kodi bila stima na bila maji, unakaa wapi hapo? Mama watoto, hebu andika hapa maji, tokeni za stima, taka na mlinzi ni ngapi kwa mwezi.

#4 Mpangaji_Umoja
Asante Fundi. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine nanunua mtungi shilingi 20. Kwa mwezi kama mitungi 35, yaani 700. Tokeni 1,200. Taka 200. Mlinzi wa ploti 300. Jumla 2,400.

#5 Fundi_Stima
Basi gharama ya nyumba ni 14,400, si 12,000. Kwa 45,000 hiyo ni asilimia 32. Umeshavuka mstari. Andika 32 ulale.

#6 HesabuZaMtaa
Msimlaze bado, kuna swali la chini ya mstari wa kugawanya. Mapato yapi? Mwajiri anaandika 45,000 lakini dada huyu hajawahi kushika 45,000 mkononi. Kodi ya nyumba hulipwa na pesa iliyofika kwenye simu, si ile iliyo juu ya slipu. Kwa 45,000 makato ni haya: NSSF ya akiba ya uzeeni 2,160, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 ambayo ni 1,237.50, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 675, halafu PAYE, kodi ya serikali kwenye mshahara.

#7 Mhasibu_Kasarani
Hesabu, nakuheshimu lakini hiyo NSSF ni ya 2024. Wakati huo kikomo cha juu kilikuwa mshahara wa 36,000, kwa hiyo aliyezidi hapo alikatwa 2,160 tu. Februari 2025 kikomo kilipanda hadi 72,000. Kwa hiyo asilimia 6 ya 45,000 yote: 2,700. Nafanya mishahara ya watu, hii naijua.

Na tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kabla ya kupiga PAYE, pamoja na NSSF. Kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 40,387.50. Elfu 24 za kwanza kwa asilimia 10, zinazofuata hadi 32,333 kwa asilimia 25, zilizobaki kwa 30. Jumla 6,899.60. Toa nafuu ya kila mtu ya 2,400, inabaki 4,499.60. Anayofika nayo nyumbani ni 35,887.90. Dada, angalia slipu yako ya Septemba uone kama inafanana.

#8 Mpangaji_Umoja
Nimeitoa kwenye mkoba. 35,887.90. Hadi ile senti tisini!

#9 HesabuZaMtaa
Nimekubali, Mhasibu. Nilikuwa na slipu ya zamani kichwani. Sasa angalieni: 14,400 kwa 35,887.90 ni asilimia 40.1. Nyumba ni ileile, mwezi ni uleule, na tumeshapata majibu matatu: 26.7, 32 na 40.1.

#10 Kijana_wa_Zimma
Kumbe niliharakisha. Lakini bado nauliza, mwenye mfuko akisema "mapato ya kaya", si na ya mzee wa rangi yameingia? Kaya si mtu mmoja.

#11 HesabuZaMtaa
Hapo umenena. Julai 9,000, Agosti sifuri, Septemba 3,500. Jumla 12,500, gawanya kwa tatu ni 4,167 kwa mwezi. Ukiongeza kwa mshahara kabla ya makato unapata 49,167. Halafu 14,400 kwa 49,167 ni asilimia 29.3.

Wadau, 29.3! Miezi mitatu ya kupaka rangi, mmoja wao hana hata shilingi, inamtoa mama huyu nje ya mfuko kwa chini ya asilimia moja. Ukipigia pesa ya mkononi pamoja na ya mzee, 40,055, unapata asilimia 36 na yuko ndani.

#12 Mama_Gesi
Mmesahau jiko. Mimi nauza gesi Donholm. Familia ya watu wanne mtungi wa kilo 6 haumalizi mwezi wakipika maharagwe na githeri. Hata shirika la takwimu, KNBS, likihesabu bei za bidhaa huweka nyumba, maji, stima, gesi na fueli nyingine fungu moja, lenye uzito wa asilimia 14.6 hivi kwenye kapu lote. Kama KNBS wanaona gesi ni ya nyumba, sisi ni nani tuitoe? Dada, gesi yako ni ngapi?

#13 Mpangaji_Umoja
Kama 1,200. Mwezi wa pesa kidogo naongeza makaa.

#14 Mama_Gesi
Jumla 15,600. Kwa 49,167 ni 31.7. Umerudi ndani.

#15 MkenyaMinnesota
Salamu kutoka baridi. Nimefanya kazi miaka sita kwenye ofisi inayopokea maombi ya msaada wa kodi huku, na nikisoma swali la 17 naona limetoka wapi. Hiyo 30 ni ya Marekani. Wizara ya Nyumba ya huku, HUD, husema kaya ina mzigo ikitumia zaidi ya asilimia 30 ya mapato kwa nyumba, na ina mzigo mkali ikizidi 50.

Jinsi inavyohesabiwa huku: juu ya mstari ni kodi pamoja na maji, umeme na gesi, hata ile ya kupikia. Simu na intaneti haziingii. Chini ya mstari ni mapato ya kaya nzima KABLA ya makato. Kwa hiyo kwa sheria ya huku, Mama_Gesi yuko sawa kuhusu gesi, na jibu linapita 30.

Na hiyo 30 haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1969 seneta Edward Brooke wa Massachusetts alipitisha kifungu kwamba mpangaji wa nyumba za serikali asilipe zaidi ya asilimia 25 ya mapato yake. Mwaka 1981, serikali ilipotaka kupunguza matumizi, ikapandishwa kuwa 30. Ni namba ya bajeti ya Washington.

#16 Mwalimu_Buruburu
Minnesota, asante kwa historia, lakini umeirudisha nyuma kidogo tu. Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa na msemo kwamba kodi ya mwezi isizidi mshahara wa wiki moja, ndiyo hiyo robo. Na Berlin mwaka 1868 mwanatakwimu Hermann Schwabe alionyesha kwamba kadiri mtu anavyopata kidogo ndivyo sehemu kubwa ya pesa yake inavyoenda kwa kodi. Miaka karibu mia na sitini iliyopita! Kwa hiyo maskini kuzidi mstari si uzembe wa maskini. Hesabu yenyewe imelala upande mmoja.

Halafu si kweli kwamba 30 ni ya Marekani tu. UN-Habitat, ambao wako hapa Gigiri, nao hutumia asilimia 30. Ulaya ndio tofauti: Eurostat huweka mstari kwenye 40, lakini wao hupigia pesa ya mkononi, baada ya kodi za serikali.

#17 HesabuZaMtaa
Mwalimu, subiri. Umefungua kitu. Mstari wa 30 ni wa pesa kabla ya makato, mstari wa 40 ni wa pesa ya mkononi. Rudini kwa hesabu ya mshahara wa mama peke yake, bila gesi: 32 kabla ya makato, 40.1 mkononi. Kwa mistari yote miwili amevuka, kwa kiasi kidogo. Kumbe hizo namba mbili zinasema kitu kimoja kwa lugha mbili! Hatari ni kuchanganya: kupigia pesa ya mkononi halafu kutumia mstari wa 30, au kinyume chake.

#18 Mhasibu_Kasarani
Usiifanye sheria ya jumla. Inategemea makato ya mtu. Anayepata 20,000 halipi PAYE kabisa, kwa hiyo tofauti yake ni ndogo. Anayepata 300,000 tofauti ni kubwa mno.

#19 BodaWaKayole
Nyinyi wenye slipu mna raha ya kubishana juu ya slipu. Niwaambie yangu. Nilijaza fomu kama hiyo mwezi wa nane. Naendesha pikipiki ya mtu. Siku nzuri na mbaya zikichanganywa nakusanya 1,500. Petroli 450, mwenye pikipiki anachukua 500 kila jioni hata mvua inyeshe. Yangu ni 550. Siku 26 kwa mwezi ni 14,300. Chumba changu Kayole ni 5,000. Hiyo ni asilimia 35, au sivyo?

Dada wa ofisini alitaka taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu. Nikaitoa kwa *334#, nikampelekea. Akajumlisha kila pesa iliyoingia. Akapata 39,000 kwa mwezi. 5,000 kwa 39,000 ni 12.8. Akaandika "hastahili" kwa kalamu nyekundu, mbele yangu, huku nimeshika helmeti mkononi sijui nianzie wapi kumweleza.

#20 Mama_Gesi
Wacha we! Mauzo si mapato. Mimi nikiuza mtungi, pesa yote inaingia kwa simu lakini yangu ni faida ile ndogo. Kwa hesabu ya huyo dada mimi ni tajiri wa Donholm.

#21 MkenyaMinnesota
Boda, pole sana kaka. Hata huku mwenye biashara yake huhesabiwa kwa kilichobaki baada ya gharama za biashara. Lakini lazima uzionyeshe. Weka daftari: tarehe, ulichokusanya, petroli, cha mwenye pikipiki. Chukua risiti za petroli. Mwombe mwenye pikipiki akuandikie karatasi kwamba unampa 500 kwa siku, atie sahihi. Halafu omba wakuangalie upya.

#22 Chama_Treasurer
Nyongeza kwa Boda na wote wanaotoa taarifa ya M-Pesa: kuna pesa zinazoingia ambazo si mapato kabisa. Zamu yako ya chama ikifika unapokea 20,000 kwa mpigo, lakini ni pesa yako iliyokuwa ikizunguka. Fuliza ni deni. Mkopo wa simu ni deni. Ndugu akikutumia pesa umlipie fundi ushago, si yako. Chukua kalamu, kila mstari wa namna hiyo andika pembeni ni nini, kabla hujaipeleka. Msimwachie karani akisie.

#23 Mwalimu_Buruburu
Ila pesa anayotuma mtoto kila mwezi kwa mama yake, hiyo ni mapato. Inakuja kwa mpangilio, anaitegemea.

#24 Shosh_Kariobangi
Wajukuu, nimesoma yote, na mjukuu wangu ananiandikia. Nina miaka 73. Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi. Mwanangu hutuma 3,000, mwezi mwingine hatumi. Nauza sukuma mlangoni, labda 4,500 ikibaki. Chumba ni 3,000. Mtanipigia asilimia mtaniambia 31 au 32. Lakini swali langu ni hili: ikibaki 6,500, mimi nanunua dawa za presha, nanunua unga, nanunua maji. Mwenye kupata laki tatu akilipa nusu kwa nyumba, hana shida. Mimi hata ningelipa robo, bado ningelala njaa siku fulani. Kwa nini hawaulizi kinachobaki?

#25 HesabuZaMtaa
Shosh, shikamoo. Umeuliza swali ambalo wataalamu wanabishania. Kuna wanaosema asilimia ni njia mbovu kwa maskini, na kwamba hesabu ya haki ni kutoa gharama ya nyumba, kisha kuangalia kama kilichobaki kinatosha chakula, dawa, karo na nauli. Wa Kilimani anayepata 300,000 na kulipa 120,000 yuko kwenye asilimia 40, anabaki na 180,000. Wa Mukuru anayepata 15,000 na kulipa 4,500 yuko kwenye 30 kamili, anabaki na 10,500. Fomu ya mstari mmoja itasema wa Kilimani ndiye mwenye mzigo.

Nimempigia na dada wa Umoja. Pesa ya mkononi pamoja na ya mzee 40,055, toa 15,600, inabaki 24,455. Watu wanne, siku thelathini: shilingi 204 kwa mtu kwa siku. Humo mna chakula, karo, nauli, sabuni, dawa na deni la kodi ya miezi miwili.

#26 Mpangaji_Umoja
Sikuwahi kuiona hivyo. Nauli yangu ya kwenda na kurudi kazini ni 140. Yaani zangu zinabaki 64.

#27 Nimehamia_Ruai
Kwa kuwa mmetaja nauli. Mwaka jana tulitoka Umoja tukahamia Ruai kupunguza kodi, kutoka 12,000 hadi 7,500. Nikafurahi, nimeokoa 4,500! Kumbe nauli ilipanda kutoka 100 hadi 260 kwa siku. Siku 26, nyongeza ni 4,160. Faida niliyobaki nayo ni 340, na naondoka nyumbani saa kumi na moja kasoro, watoto hawajaamka. Kwenye fomu ya asilimia mimi sasa naonekana nimepona.

#28 MkenyaMinnesota
Ruai, hilo limeandikwa. Kuna kituo cha utafiti Chicago, Center for Neighborhood Technology, ambacho hujumlisha nyumba na usafiri pamoja na kuweka mpaka wa asilimia 45. Lakini sijaona mfuko wa msaada wa kodi unaoutumia. Wanatumia 30 kwa sababu ni rahisi kwa karani.

#29 Mjomba_Pipeline
Na ule ushuru wa nyumba, asilimia 3 wanaokata kila mwezi, hauhesabiwi kama gharama ya nyumba? Jina lenyewe lina nyumba. Tunalipia nyumba za serikali na tunalipia za landilodi.

#30 Mhasibu_Kasarani
Mjomba, ni 1.5 kwako na 1.5 kwa mwajiri wako. Yako haifiki 3. Na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 ni tozo ya kisheria, sawa na kodi nyingine. Hupati paa kwa kuilipa mwezi huu. Iweke kwenye makato.

#31 Mjomba_Pipeline
Sawa kwa sheria. Lakini 675 ya dada huyu ni zaidi ya taka na mlinzi pamoja, na inatoka mfukoni kwa jina la nyumba. Bado naona ingeingia juu ya mstari. Sijashawishika.

#32 Keateka_Zimma
Mimi ni keateka, mwangalizi wa nyumba za kupanga, miaka kumi na moja, niseme ya upande wangu. Kwanza, angalieni mkataba: ploti nyingi maji na taka ziko ndani ya kodi. Zikiwa ndani msiziandike tena, mtaonekana mnadanganya. Pili, stima ya mita ya pamoja: mwenye ploti anagawa bili, huna tokeni ya kuonyesha. Niombeni mimi niandike mnalipa ngapi, na keateka mwenye roho ataandika.

Tatu, malimbikizo ya kodi msiyaweke kwenye asilimia. Ile asilimia ni ya mwezi mmoja wa kawaida. Deni lina kisanduku chake, kwa kawaida ukurasa unaofuata. Amana nayo hivyohivyo, hulipwa mara moja.

#33 Kijana_wa_Zimma
Keateka wetu huyo! Na kama landilodi hataki kuandika barua? Wangu akisikia karatasi anafikiri ni KRA, watu wa ushuru.

#34 Keateka_Zimma
Wengi wanaogopa hilo. Kodi ya mapato ya upangishaji ilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 Januari 2024, na inawahusu wanaopata kuanzia 288,000 kwa mwaka. Wasiojisajili hawataki jina lao lipite ofisi yoyote. Usigombane naye. Toa taarifa ya M-Pesa yenye malipo yako ya kila mwezi kwa namba yake au ya paybill, weka na ujumbe wake wa kudai kodi. Mifuko mingi huikubali.

#35 Wakili_wa_Mtaa
Kuna aliyeniandikia faraghani kwamba dada aende Mahakama ya Kudhibiti Kodi, apunguziwe. Tuwe waangalifu: Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi. Yake ni 12,000. Hata hivyo landilodi hawezi kuja kubeba vyombo mwenyewe kwa sababu ya deni. Kwa kukamata mali sheria inataka dalali mwenye leseni. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, ingawa hakilipi kodi ya mwezi.

#36 Wa_Mathare
Sisi wa kando ya mto, Mei 2024 baada ya mafuriko na ubomoaji serikali ilitangaza 10,000 kwa kila kaya ya kuhamia. Kigezo kilikuwa umeathirika. Nikisoma hapa naona mtu mwenye slipu na kalamu bado hajui ajaze nini, sembuse jirani yangu asiyejua kusoma. Mfuko wenye pesa ya watu ungeandika mistari miwili tu ya maelezo kwenye swali la 17.

#37 HesabuZaMtaa
Dada wa Umoja, mimi naona usiandike namba moja. Weka 31.7 kwenye kisanduku kwa sababu swali limesema "mapato ya kaya", na ambatisha karatasi moja: kila gharama na shilingi zake, mapato ya kila mmoja kwa miezi mitatu, halafu asilimia kwa njia zote mbili.

#38 Mhasibu_Kasarani
Mimi ningeandika 38.9, ya pesa ya mkononi, yaani 15,600 kwa 40,055. Fomu haikusema "kabla ya makato". Asiyesema amekuachia wewe.

#39 Mama_Gesi
Nami nasema miezi mitatu ya mzee ni michache. Miezi sita ingeonyesha Aprili na Mei, mara tu baada ya kupunguzwa kazini.

#40 MkenyaMinnesota
Mama_Gesi, ikiwa fomu inataka mitatu, ukimpa sita atadhani unachagua. Piga simu uulize kwanza.

#41 Mpangaji_Umoja
Wadau, nimerudi. Nilipiga simu Alhamisi, aliyepokea akasema "andika tu unavyoelewa". Nikaandika 31.7, nikaambatisha karatasi ya Hesabu, slipu, na taarifa ya M-Pesa ambayo Chama_Treasurer ameniokoa, maana ilikuwa na 15,000 ya zamu yangu ya Agosti.

Mama wa mapokezi aliisoma karatasi yote akiwa amesimama. Aliweka kidole kwenye gesi akauliza, "Hii nayo ni nyumba?" Nikamwambia ninapikia ndani ya nyumba. Akanyamaza, akapiga duara kuzunguka 31.7 na jingine kuzunguka 38.9, akaandika pembeni "kamati". Majibu baada ya wiki tatu. Asanteni nyote, na Shosh, nimechukua namba ya mjukuu wako, nitapita Jumamosi.

#42 BodaWaKayole
Heri wewe. Mimi nimeambiwa nirudi Jumanne na daftari na risiti za petroli. Mwenye pikipiki ameandika barua, ila amekataa kutia sahihi.

#43 Keateka_Zimma
Mwambie aandike namba ya simu tu, wampigie.

#44 Mpya_Githurai
Samahani nimechelewa kuingia kwenye uzi. Nami nina fomu hiyohiyo. Ndugu wa mume wangu anakaa kwetu tangu Januari, anafanya kazi, ila hachangii kodi. Mapato yake yanaingia kwenye kaya au nayaacha?

#45 Mhasibu_Kasarani
Anakula kwenu?

#46 Mpya_Githurai
Anakula. Siku moja moja analeta mkate.

#47 HesabuZaMtaa
Anaingia, analala na kula hapo.

#48 Mama_Gesi
Asiingie! Pesa asiyowahi kuitoa atahesabiwaje? Mkate ndio uandikwe.